Utomvu Ulisingiziwa

Wanangu wa chumba cha kufulia,

Kasinge waitu, asanteni sana, kwa kikapu mlichoniletea siku ya kuniaga. Kitenge nimeshashona. Sukari imekwisha, msiniulize imekwenda wapi, nina wajukuu. Lakini zile chupa za sabuni ya maji, zile za rangi ya waridi zenye kichwa cha kubonyeza, ziko juu ya kabati na zitakaa hapo mpaka mmoja wenu aje azichukue. Msinune. Nilipozitoa kikapuni nilicheka mpaka binti yangu akatoka jikoni kuja kuuliza kuna nini. Mtu amefua kwa mche wa sabuni tangu akiwa msichana mpaka magoti yamegoma, halafu mnamuaga kwa sabuni ya maji. Ni sawa na kumwalika Mhaya harusini ukampakulia ugali badala ya ndizi.

Najua hamkukusudia. Wengi wenu mmekuja kazini mambo yakiwa yameshapita, mkakuta tunafua kwa mche, mkadhani ni ushamba wangu tu, mimi Ma Koletha. Basi leo mvua ya hapa Ijuganyondo imenifungia ndani, kalamu ninayo, na nitawaambia kwa nini nyumba yetu ya wageni kule Muleba iliachana na madumu ya sabuni ya maji. Sababu yenyewe ni mikono ya Adventina. Sitafuata mpangilio sana. Mimi ni mfuaji, huanza na nguo iliyo juu ya rundo.

Nguo ya juu ni Ta Thadeo. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Mzee wa Kashozi, alijifunzia kufua kwa mapadri, akaja Muleba na ujuzi wake pamoja na ukali wake wote. Mche mpya ukiletwa alikuwa haruhusu mtu kuugusa. Anaukata vipande kwa waya mwembamba aliofunga kijiti huku na huku, kisha anavipanga juu ya ubao darini, kila kipande na nafasi yake ili hewa ipite. Vinakaa huko mpaka ukivigonganisha vilie kama mbao kavu. Sabuni mbichi, alikuwa akisema, ina makosa mawili: inayeyuka upesi, na ndani yake magadi yanaweza kuwa bado hayajatulia, yanauma mkono. Sasa ajuaje kama yametulia? Alikuwa analamba. Ndiyo, analamba sabuni. Anaigusa kwa ncha ya ulimi, anafumba jicho moja, anatema. Ikimuuma, inarudi darini. Siku yangu ya kwanza kazini nilimwona akifanya hivyo nikadhani mzee ana njaa, nikaenda kumtafutia ndizi ya kuiva.

Alikuwa na neno lake moja: sabuni ni ya nguo, si ya mtaro. Akiona povu linateremka mtaroni likiwa bado jeupe, anakuuliza leo umefua shuka au umefua mtaro. Alitufundisha kusugua sabuni palipo uchafu peke yake, kwenye kola, kwenye makwapa, kwenye ukingo wa shuka unaogusa kidevu cha mgeni, na kwingineko kuliachia maji na mikono. Kipande ukimaliza unakilaza juu ya ganda kavu la mgomba lililowekewa vijiti, kichuruzike maji, kisije kikawa uji. Vile vipande vinavyobaki vidogo kama kucha tulivikusanya kwenye soksi iliyokosa mwenzake, tukafunga shingo yake, tukafulia soksi hiyo mpaka ikabaki tupu. Chumba kizima hakikuwa na takataka ya kutupa zaidi ya karatasi.

Msiseme ninausifia mche kama mchumba. Mche una vituko vyake. Kwenye maji ya kisima kirefu unaacha utando wa kijivu kwenye shuka nyeupe, na mgeni akiuona anadhani hujafua. Ndiyo maana lile tangi la maji ya mvua pale nyuma lipo. Maji ya mvua na mche ni mtu na dada yake. Na mvua, hapa kwetu, tangu lini ikatunyima?

Ta Thadeo alikwisha kufariki alipokuja meneja wetu Jovin. Mnamjua nyinyi kwa upole wake wa sasa. Wakati ule alikuwa kijana mwenye adabu na mwenye haraka, vyote viwili kwa pamoja. Alikwenda Bukoba mjini, akalala kwenye hoteli moja, akaona chupa za sabuni zimepangwa bafuni, akarudi na gari limejaa madumu. Sabuni ya maji ya kufulia, ya vyombo, ya mikono, ya sakafu, zote alizichanganya kijana mmoja kwenye pipa nyuma ya nyumba yake. Kijana mzuri, mchapakazi, sina ugomvi naye mpaka leo. Ila alikuwa anapima kwa jicho, na jicho huzoea. Leo atatia kidogo, kesho atasema mbona povu hafifu, aongeze. Halafu kuna ile dawa ya kuizuia sabuni isioze. Hiyo nayo kwa jicho.

Harufu ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Wageni walisifu. Jovin akawa anatembea kwenye korido akinusa mataulo.

Vituko navyo havikukawia. Sabuni ya vyombo ilikuwa ya njano, nao jikoni waliihamishia kwenye chupa za maji ya kunywa, wakaziweka dirishani. Mlinzi wetu akaja saa ya chakula cha mchana, akaiona chupa, akasema moyoni leo wametukumbuka kwa juisi ya ndizi. Akapiga funda la mtu mwenye kiu. Tulimsikia akikohoa mpaka nje. Tulimpeleka zahanati, akapona, na kwa muda mrefu kila akicheua watu walikuwa wanaangalia kama litatoka povu. Tulicheka kwa sababu alikuwa mtu mzima. Angekuwa mtoto tusingecheka. Hakuna mtoto wa Kihaya atakayedanganywa na kipande cha sabuni ya mche akadhani ni juisi.

Sasa Adventina. Alikuwa binti wa Izimbya aliyepanga chumba hapo Muleba, mwembamba, mcheshi, anafua akiimba nyimbo za kwaya na kukosea maneno kwa makusudi. Alikuwa amechumbiwa na Gration, fundi seremala, kijana mtulivu asiyejua kuficha furaha. Madumu hayakuwa yamekaa sana pale kazini mikono ya Adventina ilipoanza kuwasha. Kisha ngozi ikawa inabanduka kwenye viganja. Kisha penye maungio ya vidole pakapasuka, akikunja mkono damu inatoka. Aliacha kuimba.

Na sote tukasema jambo moja, nami nikiwemo: utomvu. Nyinyi mlioletewa matoke yameshamenywa sahanini hamjui, lakini utomvu wa ndizi mbichi si wa mchezo. Unang'ang'ania, unageuka mweusi, ngozi nyepesi inawasha. Kila mwanamke huku kwetu amewahi kuulalamikia, kwa hiyo hakuna aliyefikiria mara mbili. Shangazi zake walimwambia utomvu, jirani akamwambia utomvu, nami mwenye miaka yote ile ya mabeseni nikamwambia ajipake samli kabla ya kumenya. Mtoto akatii. Akaacha kabisa kumenya ndizi. Na kila jioni, ili kuondoa utomvu wowote uliojificha, alikuwa anaosha mikono yake kwa nini? Kwa ile sabuni ya maji ya kazini, anayokwenda nayo nyumbani kwenye kichupa, anaisugua mpaka kwenye kiwiko. Tulikuwa tunazima moto kwa mafuta ya taa.

Hapo ndipo mama yake Gration, Ma Auleria, alipokwenda Izimbya kumwona mkwe mtarajiwa nyumbani kwao. Mnajua desturi. Mgeni akishakaa, kabla ya neno lolote la maana, analetewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, na anayeileta ni binti. Adventina alipiga goti, akanyoosha kikapu kwa mikono yote miwili. Ma Auleria akaitazama ile mikono. Akasema jino linamsumbua, atatafuna baadaye. Baadaye haikufika. Wakati wa chakula akauliza ndizi zimemenywa na nani, mama mwenye nyumba akajibu kwa unyoofu kwamba amemenya yeye, kwa sababu binti yake utomvu unamkataa.

Msimhukumu Ma Auleria. Alikuwa mjane, na Gration ndiye mwanawe wa pekee. Mama anayempatia mwanawe mke huangalia mikono, na mikono aliyoiona ilikuwa inatoa damu. Huenda aliogopa ugonjwa wa kuambukiza, huenda aliogopa mkwe asiyemenya ndizi. Kwa Mhaya sijui kipi kinatisha zaidi. Baada ya siku chache ukaja ujumbe wa heshima kwamba upande wa mume unaomba mambo yasubiri kwanza, mpaka ijulikane binti anaumwa nini.

Adventina aliniambia haya tukiwa tunakamua shuka, yeye upande wake, mimi upande wangu. Alisema Gration anamwambia asijali, lakini Gration hatabishana na mama yake milele, na yeye asingetaka abishane naye. Kisha akasema maneno ambayo hayajanitoka mpaka leo: "Ma Koletha, mkono usiopokewa kahawa, nitaupeleka wapi?" Nililia. Mimi si mtu wa kulia kazini, maji ya kufulia yanatosha, lakini siku ile nililia waziwazi na shuka likaanguka kwenye tope tukalirudia.

Kabla hatujajua la kufanya, baba yake mkubwa akafariki kule Izimbya, Adventina akaenda msibani. Alikaa wiki nzima. Nilimhurumia, nikajua atarudi hana hata mikono. Aliporudi nikamshika viganja nikavigeuza kwenye mwanga. Vilikuwa vyeusi tititi kwa utomvu. Lakini ile mipasuko ilikuwa imefunga.

Nikamuuliza kama alimenya ndizi. Akasema alimenya asubuhi na jioni, waombolezaji walikuwa wengi, na mtu utakataaje kumenya msibani, wangesema nini. Nikamuuliza alikuwa ananawa kwa sabuni gani. Akashangaa swali lenyewe. Sabuni gani tena, akasema, kipande cha mche kilichowekwa pale kwenye beseni, wanawake wote walikuwa wananawa hicho hicho.

Wanangu, kikulacho ki nguoni mwako. Mfuaji mzima, methali hiyo nimeisikia tangu utoto, na ilikuwa imekaa mbele yangu kwenye dumu. Utomvu ulikuwa umesingiziwa. Aliyekuwa anammaliza mtoto alikuwa anarudi naye nyumbani kila jioni kwenye kichupa. Na mimi sikuwa nimeshtuka mapema kwa sababu moja tu, ukaidi. Tangu madumu yaje nilikuwa nafulia vipande vyangu vya mche nilivyoficha kwenye mfuko wa aproni, Jovin akipita nafanya povu lingi ili asijue. Mikono yangu ilikuwa mizima, ikanidanganya.

Tulikwenda kwa nesi wa zahanati, yule aliyemhudumia mlinzi. Alitusikiliza vizuri, hakutucheka kwa habari ya utomvu, alisema hata mama yake angesema vilevile. Akatueleza kwamba ngozi ina mafuta yake ya asili, sabuni kali ikiyaondoa kila siku ngozi inabaki bila ulinzi, na zile dawa za kuhifadhi sabuni na za manukato kuna watu miili yao inazikataa kabisa. Ugonjwa huu hauambukizi, alisema. Akampa dawa ya kupaka na mafuta yasiyo na harufu, akamwambia aachane na ile sabuni, ajisuuze sana na ajifute mpaka katikati ya vidole. Kisha akanigeukia mimi, maana aliniona nimeanza kuvimba kichwa. Akasema hata mche unaweza kumkataa mtu, kila ngozi na tabia yake. Nikanywea. Ndiyo hivyo, sabuni ya maji iliyopimwa sawasawa na mtu anayejua si sumu, na mche mbichi si malaika. Nimeandika hapa ili msije mkasema Ma Koletha alitudanganya.

Kwa Jovin nilikwenda mwenyewe. Sikutaka kuzungumza naye ofisini, nilimwomba tutembee hadi mwisho wa mtaro. Mnajua unakoishia, chini ya kibanja cha migomba cha jirani, karibu na chemchemi wanakoteka wale akina mama wa bondeni. Tulikuta povu limekaa kwenye magimbi kama pamba iliyomwagika. Mama mmoja aliyekuwa anateka alitusalimia kwa heshima zote, kisha akamwambia Jovin kwamba siku za mvua maji yao yananukia vizuri sana siku hizi, ila chai yake hainyweki. Jirani naye alikuwa anachimba shimo apande mgomba, akatuonyesha kwa jembe: chupa, kizibo, kipande cha dumu. Alisema mgomba hauna meno ya kutafuna plastiki. Jovin alisimama pale akiwa na viatu vyake safi. Nilipomwambia kuhusu mikono ya Adventina na ile kahawa, aliuliza kwa nini hakuambiwa. Nikamjibu kwamba alikuwa ananusa mataulo.

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Kabla ya jioni madumu yalirudi kwa mwenyewe, na nilisikia kwamba alimshauri yule kijana aende akajifunze kupima. Mche ukarudi darini. Maji yetu ya kufulia tukayachimbia shimo lake la mawe na mchanga, lile ambalo nyinyi mnalilalamikia kulizibua, kwa maana hata povu la mche halina ruhusa kwenye maji ya kunywa ya watu.

Mikono ya Adventina ilichukua muda, ikarudi. Gration akamwambia mama yake, mama yake akasema atakuja Izimbya mwenyewe aone. Adventina akaniomba niende kukaa na mama yake siku hiyo, nami nikaenda.

Nilifika mapema nikamkuta jikoni. Alikuwa ameamka akamenya ndizi zote za wageni peke yake, na sasa alikuwa anatafuta limau. Viganja vilikuwa vyeusi kwa utomvu, alitaka avisugue viwe vyeupe kabla mgeni hajaingia. Nikamnyang'anya limau. Nikamwambia anawe kwa kipande cha sabuni, ajifute, utakaobaki ubaki. Aliniangalia kama mtu aliyesalitiwa. Alisema kwamba ataonekana na mikono michafu, kwamba mara ya kwanza ilikataliwa na sasa namtaka aipeleke ikiwa myeusi. Nikamwambia, "Peleka hivyo hivyo." Sikuwa na hakika, sitaki kuwaficha. Kama ningekosea, ni yeye angelipa.

Ma Auleria alikaa, tukasalimiana kirefu. Adventina akaingia, akapiga goti, akanyoosha kikapu. Mama yule akaitazama mikono kama alivyoitazama mara ya kwanza. Safari hii akaushika mkono mmoja, akaugeuza, akapitisha kidole gumba chake juu ya weusi ule, palepale palipokuwa pamepasuka.

"Huu ni utomvu?"

"Ni utomvu, waitu. Nimemenya asubuhi."

Ma Auleria alifungua kiganja chake mwenyewe akakiweka kando ya kile cha binti. Kilikuwa na weusi uleule, mwanamke wa watu alikuwa amemenya kwake kabla ya kusafiri. Akachota kahawa, akatia mdomoni, akatafuna. Mama yake Adventina alinyanyuka akaenda jikoni upesi, nami nikamfuata, kwa sababu hatukutaka mgeni atuone tunavyolia.

Ndiyo hivyo, wanangu. Adventina ana watoto sasa, na nasikia ameanza tena kuimba kwa kukosea maneno. Nyinyi njooni mchukue chupa zenu. Hata mkija mikono mitupu hamtaondoka mikono mitupu, maana nimewakatia kila mmoja vipande vyake vya mche, viko hapa darini, vikigonganishwa vinalia. Nimevilamba vyote. Haviumi.